Masikio ya Magunia ya Mama

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alikuja kunitembelea hapa Murera. Anafanya kazi Thika, ofisi ya kaunti. Aliketi na sahani ya githeri magotini akaniambia kuna mji wa ng'ambo unataka urafiki na mji wetu. Ati watanunua kahawa yetu moja kwa moja bila madalali, na meya wao anakuja mwenyewe Alhamisi. Ofisi inatafuta mzee aliyejua kazi ya kahawa zamani, aseme maneno mawili matatu ya kukaribisha. "Shosho, si wewe ulizaliwa kwa kahawa?" Nikamwambia ale chakula kabla hakijapoa.

Maskini, hakujua ameshika wapi. Hata mama yake, binti yangu wa kumzaa, sijawahi kumsimulia. Wewe nitakuambia, kwa sababu tumezeeka pamoja na ninajua hutanibembeleza.

Nilizaliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa kinu kidogo cha kahawa, katikati ya Ruiru na Thika, kinu cha mzungu mmoja. Siku hizi ukipita hapo utaona ploti, duka la vifaa vya ujenzi na mtu anauza mitungi ya gesi. Wakati ule palikuwa na kahawa mpaka macho yachoke. Ikichanua, asubuhi ilikuwa nyeupe yote, na harufu yake iliingia hadi ndani ya uji. Mashine ilianza kunguruma jua likichomoza, makapi yakaruka, na sisi watoto tukaenda shule vichwa vimejaa vumbi la kahawa. Mwalimu alikuwa akituambia tukung'ute vichwa nje kabla ya kuingia darasani. Aki, hata leo nikisikia harufu ya makapi yaliyolowa mvua nasimama.

Mama alikuwa mshonaji wa magunia. Wanawake wengine walichambua kahawa mezani, wakitoa mbegu mbovu kwa vidole, lakini mama alikuwa na sindano yake ndefu iliyopinda na uzi wa katani. Gunia likijaa anashona mdomo, na katika kila pembe anaacha kipande kimesimama kama sikio, anakizungushia uzi mara tatu, anaurudisha chini, anauficha. Fundo hulioni. Aliuchukua ujuzi huo kwenye kusuka viondo, vikapu vyetu vya nyuzi, kwa sababu mwanamke wa kwetu hawezi kukubali uzi uning'inie nje kama mate ya ng'ombe. Ndivyo alivyosema, na akiona mshono wa mtu mwingine umeachwa hivyo alikuwa akicheka hadi anashika mbavu. Mimi nilikaa kando yake baada ya shule, nikafunga masikio kwenye vipande vya gunia kuukuu. Nikikosea ananigonga kidole kwa sindano, polepole.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Wewe unakumbuka. Asubuhi moja askari walituamsha laini nzima, wakatupanga kwenye uwanja wa kuanika kahawa, wakamleta mtu aliyevishwa gunia kichwani hadi magotini, matundu mawili tu ya macho. Akapita mbele ya kila mtu. Wengi aliwatikisia kichwa kuwakana. Kwa mama akasimama, akainamisha kichwa mara moja. Ilisemwa anawapelekea wapiganaji chakula msituni. Mama hakulia. Alitoa sindano kwenye kitambaa cha kichwa, akampa cucu, yaani nyanya yangu mzaa mama, akapanda lori na wenzake.

Kazi yake ilipewa mama jirani wa mlango wa pili, mjane wa watoto wanne. Mama yule alikuwa mwema, sitamsema vibaya. Baada ya mama kuondoka ndiye aliyenipa uji asubuhi, kikombe sawa na cha watoto wake. Lakini masikio ya magunia yake yalifunguka. Nyapara alikuwa akimkaripia kila siku.

Miezi ikapita, tukasikia habari kutoka kwa huyo huyo nyapara. Mji mmoja wa ng'ambo, ambao jina lake lilitushinda ulimi, ulikuwa ukinunua kahawa ya kinu chetu, na sasa wakubwa wake walitaka urafiki na Thika: mji kwa mji, kama watu wanaooana. Wangekuja kuona. Na wapagazi wa bohari lao walikuwa wameandika barua, kwamba magunia yetu ya zamani yalikuwa na masikio mazuri ya kushika, hayafunguki, na sasa hayaji tena. Wangependa kumwona mwanamke aliyeyafunga.

Cucu aliposikia hivyo aliweka mwiko chini. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. Alikuwa akiisema methali hiyo kila siku, hata kuku wa jirani akiingia nyumbani, lakini siku hiyo aliisema kama mtu anayeomba. Akanieleza mpango wake. Bwana mkubwa, yule mzungu wa kinu, hawezi kukataa ombi mbele ya wageni. Wageni wakiuliza ni nani, mimi niseme, na niseme kwa Kiingereza, kwa sababu karani anayetafsiri atayapinda maneno. Mimi ndiye pekee kwetu niliyekuwa nikijifunza Kiingereza.

Mwalimu aliniandikia sentensi tatu za Kiingereza ubaoni watoto wakiwa wametoka. Mwenye fundo hili ni mama yangu. Walimchukua. Tafadhali mrudisheni. Nilipozisoma mara mbili akazifuta kwa kiganja, akaniambia, "Hizi hukuzitoa kwangu." Wiki mbili nilizisema nikiteka maji, nikichanja kuni, nikienda haja. Cucu hakuelewa hata neno moja, lakini alikuwa akinisikiliza kila jioni hadi mwisho, na nikisitasita ananiambia nianze tena.

Asubuhi ya wageni mama jirani alikuja na uji. Ulikuwa na sukari, nami nikajua kuna jambo. Akachuchumaa mbele yangu. "Mwanangu, bwana amesema leo mwenye masikio yale nitakuwa mimi. Nikiharibu, nitahama laini na watoto hawa. Nitaenda wapi?" Nilikunywa uji wote.

Wageni walikuja na magari matatu meusi, sisi watoto tumepangwa uwanjani kuwalaki. Palikuwa na mzee mwenye mkufu mkubwa kifuani, ndiye meya, na mkewe mwenye kofia nyekundu. Gunia likaletwa, mama jirani akaketi kwenye kigoda cha mama. Uzi ukamtoka. Akajaribu tena, ukamtoka. Bwana mkubwa akaanza kuwa mwekundu shingoni. Mama jirani akanitazama, midomo yake ikasema bila sauti, nisaidie.

Nikaenda. Nakwambia ukweli, nilienda kwa huruma. Nikachukua sindano, nikazungusha mara tatu, nikarudisha chini, nikaficha. Sikio la kwanza, sikio la pili. Watu wale wakapiga makofi! Mimi sikuwa nimewahi kupigiwa makofi maishani. Yule mama wa kofia nyekundu akafungua mkoba, akatoa peremende, akaimenya, akaitia mdomoni mwangu kwa vidole vyake mwenyewe. Ilikuwa ya maziwa, ngumu, imejaa shavu zima. Kisha akauliza, na karani akatafsiri: "Ni nani aliyekufundisha?"

Hapo ndipo ilipofika zamu ya sentensi zangu tatu. Nje ya seng'enge ya kinu cucu alikuwa amesimama na wanawake wengine, amejifunga shuka yake nzuri. Bwana mkubwa alikuwa ananitazama. Mkono wa mama jirani ulikuwa umeshika nguo yangu kwa nyuma.

Nikainua kidole, nikamwonyesha mama jirani.

Miaka mingi nilijiambia ni peremende. Kwamba mdomo ulijaa, kwamba niliogopa kuitema mbele ya watu wakubwa. Uongo mtupu. Ningeweza kuimeza. Niliona raha kusifiwa, na niliogopa, na uji ule wa sukari ulikuwa bado tumboni mwangu. Basi wakapiga picha, mimi na mama jirani na gunia katikati, wakapeana mikono, wakaenda Thika kula chakula cha mchana.

Cucu hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinipikia viazi jioni hiyo, akaniwekea mbele, akasema, "Kula, umechoka." Methali yake ile sikuisikia tena mpaka siku nilipomzika.

Mama hakurudi. Mwanamke aliyekuwa naye kizuizini aliachiliwa akaja kutuambia: kifua kilimuua, wakati wa mvua ndefu. Cucu akamuuliza mvua ilikuwa imenyesha wiki ngapi alipokufa. Akahesabu kwa vidole, nami nikahesabu pamoja naye. Tangu wageni waondoke mpaka mama afe, zilikuwa wiki tisa. Wiki tisa, rafiki yangu. Labda wasingemrudisha. Watu wengi waliombewa na hawakurudi, hilo najua. Lakini mimi sikuomba.

Urafiki wa miji ile miwili ulikufa wenyewe, kinu kikafungwa, kahawa ikang'olewa ploti zikauzwa. Mama jirani alifia mtaani Kimbo kwa mwanawe, mzee sana, na kila tulipokutana alikuwa akinishika mkono. Mwalimu ameenda. Cucu ameenda. Hakuna mtu aliyebaki anayejua masikio ya gunia yalifungwaje, ila mimi na vidole hivi vyenye baridi yabisi.

Jana nilimpigia simu mjukuu nikamwambia sawa, nitakuja, waniletee gunia na uzi wa katani. Sindano ninayo. Alifurahi sana, ati Shosho utapendeza kwenye picha. Nitafunga masikio mawili. Wakinipa kitu cha kula nitakitia mfukoni kwanza. Kisha nitasema kwa Kiingereza kile kile cha ubaoni: mwenye fundo hili ni mama yangu. Walimchukua. Ile sentensi ya tatu nitaiacha.