Mahari ya Ng'ombe Mmoja

Picha ile ilitundikwa wiki iliyopita karibu na lifti, kwenye ukumbi wa hoteli ninayolinda pale Marina, Dubai, na ilinikera tangu siku ya kwanza. Imechorwa kijijini Uholanzi, enzi za zamani: ng'ombe mmoja mnene uani, mzee wa kofia anampapasa mgongo, mwanamume mwingine ameshika kikombe na pua imemwiva, mama amekunja mikono mlangoni. Pembeni yupo msichana anayetazama ndoo.

Mimi ni Msukuma. Picha kama hiyo sihitaji kuelezwa, ni mahari. Nilimweleza hivyo Mkenya wa mapokezi, kwa sauti ya chini, maana nilikuwa nimeshaonywa mara moja kwa kupiga soga kazini. Onyo la pili ni kupelekwa bandarini Jebel Ali kulinda makontena, na jua la kule naliogopa kuliko dhambi.

“Mzee wa kofia ndiye baba wa binti,” nikasema. “Anamkagua ng'ombe kama ana kasoro. Huyu mshenga kashalewa. Mama kanuna, na ana haki. Ng'ombe mmoja?”

“Hao wanataka tu kukamua, buda. Si unaona ndoo iko hapo?”

“Nani anakamua na kofia ya sherehe?”

Hasira zilinipanda kweli, utadhani binti ni dada yangu. Chini ya ng'ombe kumi, nikasema, mimi ningewafukuza wote na ng'ombe wao, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Mkenya akaanza ghafla kupanga kalamu zake. Nikajua yamenikuta. Nyuma yangu alisimama Madam, meneja wetu, mwenyeji wa hapa hapa Dubai, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kunisemesha ila kwa Kiingereza. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, huku nikiyaona makontena yamejipanga yananingoja.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama picha.

“Bibi yangu kazaliwa Unguja,” akasema, kwa Kiswahili laini kunishinda. “Hebu nambie, na huyu mtoto wa watu, kaulizwa?”

Nikamtazama msichana na ndoo yake. Wiki nzima nilikuwa nagombania ng'ombe, yeye sikumpa hata neno moja. Niliona haya.

“Bado, Madam.”

“Basi rudi mlangoni kwako,” akasema, akabonyeza lifti. “Kesho nikija, unambie kajibu nini.”