Shanga Nyekundu kwenye Ndoana

Bibiana hajui kuogelea. Newala wanaojua ni wachache, kwa kuwa huku juu maji ni ya bomba na ndoo. Hata hivyo fundi cherehani huyu ndiye anayewafungia ndoana wanaoshuka kuvua Ruvuma.

Kazi yenyewe ni ya mezani. Huvisha ushanga mmoja kwenye ndoana, akausukuma hadi karibu na tundu la mshipi wa kuvulia, kisha nyuma yake huzungushia uzi na manyoya ya shingo ya jogoo. Ushanga huzamisha chambo hicho na kumwita samaki kwa rangi yake. Hununua shanga sokoni Masasi, kwa wauzaji wale wale wanaowauzia makungwi wa unyago.

Kinachomnyima raha ni kuchagua ndoana. Zipo za chuma kigumu, zisizopinda hata kwa mzigo. Zipo za waya laini, ambazo kitu kizito huzinyoosha kikaenda zake. Wateja hupenda ngumu. Maji yakiwa ya tope, yeye huwapa laini, kwa sababu ya mamba. Watu wa juu, kwa kuogopa kuteleza, hufunga mshipi kiunoni ili mikono yote miwili ishike matete. Mamba akimmeza samaki aliyenaswa, ndoana ngumu haiachii, na mvuvi huvutwa majini. Laini hufunguka.

Mwezi Machi, mto ukiwa umejaa tope, mdogo wake Optatus aliomba ndoana. Bibiana alimfungia laini, akazivisha shanga nyekundu, rangi inayoonekana kwenye maji mazito. Ngumu alikuwa amezivisha nyeupe, akazihifadhi kwa ajili ya kiangazi. Sababu hakumweleza. Alidhani kumpa mkononi kunatosha.

Asubuhi Nurdini, dereva wa bodaboda aliyetoka Masasi, alikuja kumchukua Optatus. Mmakonde na Myao ni watani, na Nurdini hapitwi na nafasi. Alichungulia kopo la ndoana.

"We Mmakonde! Dada yako kakupa nyekundu? Yuko kwenye siku zake, nawe ukavulie?"

"Nyamaza wewe, Myao."

"Sisemi kitu, shemeji wa samaki."

Katika nyumba za huku, mke huweka ushanga mwekundu kitandani kumjulisha mume kwamba leo asimsogelee. Ni jambo la watu wawili. Dada hampi kaka yake. Optatus alimwaga ndoana kando ya cherehani, akalijaza kopo zile nyeupe, akapanda pikipiki. Bibiana alikuwa jikoni anakoroga uji.

Nurdini aliporudi kutoka mtoni, alimkuta Bibiana amesimama na zile nyekundu kiganjani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona Optatus kaziacha hizi?"

"Kachukua nyeupe. Nilimtania kidogo tu."

Bibiana alipiga simu ya mdogo wake. Haikupatikana. Alipiga tena akiwa tayari anajifunga kitenge, mkasi wa kushonea mkononi.

"Nipeleke. Sasa hivi."

"Dada, kuna nini?"

"Amejifunga na chuma."

Njia ya kushuka ni mawe na makorongo. Chini walipishana na mama mmoja mwenye ndoo kichwani. Aliwaambia wasifike kivukoni. Jana mbuzi alichukuliwa pale pale anapokunywa maji. Bibiana alijikuta anataja jina la mdogo wake kwa sauti, kama anayemwita ndani ya nyumba.

Walimwona kutoka ukingoni. Maji yalimfika mapajani. Alikuwa amejivuta nyuma, mikono yote kwenye matete.

"Dada! Nimepata!" alipaza sauti. "Mkubwa huyu!"

Bibiana aliutazama mshipi. Samaki akinaswa hurusha kichwa, na mshipi hutetemeka. Huu ulikuwa umenyooka, umetulia, unakwenda taratibu kuelekea maji marefu. Optatus aliteleza. Tete moja lilikatika mkononi mwake. Akateleza tena, na safari hii hakucheka.

"Dada?"

Bibiana aliingia majini. Maji yalimpita magoti, kisha mapaja, na chini ya miguu hakukuwa na kitu cha kuaminika, tope tu. Nyuma Nurdini alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake huku akisoma dua. Bibiana alipeleka mkasi mbele akakata hewa. Akakata tena. Mshipi ulitoa mlio mdogo, ukazama.

Hakuna kilichoibuka. Maji yalijikunja mara moja mbele yao, yakatulia.

Walirudi ukingoni wakiwa wameshikana wote watatu. Optatus aliketi kwenye majani, akaanza kufungua fundo lililobaki kiunoni.

"Alikuwa kambale," alisema.

"Ndiyo, kambale," Bibiana alimjibu, akapiga magoti akalikata fundo.