Sweta ya Sufu Katika Chumba cha Fataki

Miraji aliiogopa kazi yake, ila mtaani Bondeni hakuna aliyelijua hilo. Hata mkewe, Samsam, aliamini kwamba mumewe huosha chupa kwa Mzungu. Chupa aliziosha kweli. Alichoficha ni kwamba katika maabara ya Mzungu huyo, chini ya mlima Menengai, walikuwa wakijaribu fataki za umeme, zile za kulipulia mawe, na kwamba yeye ndiye aliyezibeba mkononi hadi kwenye sanduku la mchanga.

Ajit Singh, fundi wa umeme, ndiye aliyemfunza kazi. Anayeingia chumba cha fataki huenda na ufunguo wa swichi ya kulipulia mfukoni, mwingine asije akamlipua. Nguo ziwe za pamba tupu. Fataki hizi mpya, Ajit alimwonya, hata cheche ya nguo ya sufu ikisuguana inazitosha.

Januari ya mwaka wa hamsini na saba ilikuwa kavu, na asubuhi zake zilikuwa na baridi ya kuuma meno. Samsam akamfumia mumewe sweta ya sufu. Miraji aliivaa kila alfajiri ili asimvunje moyo, na kila alfajiri akaivua kabla ya kuingia kazini.

Siku moja alichelewa. Mzungu akamfokea, naye kwa kuhangaika akavaa koti la kazi juu ya sweta, akachukua fataki, akaingia. Alipoinua mkono tu, kitu kikalia chini ya kwapa: ta-ta-ta. Vinyweleo vikamsimama. Hapo ndipo alipoikumbuka sweta.

Aliogopa, jamani, hadi mkojo ukamtoka. Kutupa hawezi, kuvua hawezi.

"Miraji! Iko salama?" Ajit aliita kutoka nje.

Hata kupumua aliona ni hatari. Alijikunja taratibu, akailaza fataki mchangani, akarudi kinyumenyume mpaka nje. Alipoivua sweta ikalia tena, na Ajit akaketi chini.

Jioni hiyo Samsam aliuliza mbona amerudi na sweta mkononi, na baridi yote hii. Miraji alitafuta uongo, akaukosa. Akamwambia yote, fataki na cheche.

Samsam aliitazama sweta, kisha akamtazama yeye.

"Kumbe ni mimi ningekuua," alisema.

Miraji alitaka kumtuliza, ila ilikuwa kweli.