Madirisha Niliyoyaziba kwa Sifa

Chekeni, lakini kwa staha. Mimi seremala wa Chumbageni nilipewa na Bwana Hassanali, muuza vitambaa, kazi ya kubadilisha madirisha yaliyovuja kwenye kijumba cha mashua yake kuukuu ya tanga, iliyopandishwa mchangani. Akaniletea mafuta ya kitani nikandie chokaa ya kuzibia vioo. Nikayadharau, sisi vyombo vyetu twavipaka sifa, mafuta ya papa. Nikakandia hayo.

Kesho yake nikaingia ndani na kanzu yangu ya Ijumaa, nikajigamba, "Mwaga maji, Bwana Hassanali. Halipiti hata tone!"

Ndoo nzima ikaniishia kichwani. Nikatoka nikitiririka. Kingo za vioo zilikuwa zimelambwa hadi mbao, na paka watatu walikuwa wakijilamba masharubu.

"Fundi," akauliza, "uliziba madirisha au uliwapikia hawa?"