Saa Yangu, Kichwa cha Mama Furaha

Leo saa yangu, hizi za kupima mapigo ya moyo, imenishtua nikiwa nasuka nywele. Eti moyo wangu unapiga bila mpangilio.

Mteja wangu, Mama Furaha, akacheka. "Ni mikono yako inachezacheza. Nipe mimi niliyekaa."

Kweli, nilipotulia ikasema niko sawa.

Akaivaa yeye. Ametulia kabisa kwenye kiti, ikaandika kwamba moyo wake unapiga bila mpangilio.
Tukarudia. Yaleyale.

Eish.

Akajifunga kitambaa, nusu kichwa kimesukwa, nusu bado, akaenda kliniki ya hapa Joubert Park.

Nesi akamwambia hizi saa hukosea. Halafu akambandika nyaya kifuani, akaenda kumwita daktari. Wamemlaza.

Mnaovaa hizi saa, huwa mnaziamini?

Sasa hivi ametuma ujumbe: "Usimpe mtu kiti changu."

Foleni imefika mlangoni. Kiti kiko wazi.