Kandambili za Bafuni

Bi Pasi alipata jina hilo kwa kazi yake. Miaka nenda miaka rudi alinyoosha nguo za watu kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na hakuna mkunjo wa shati wala wa tabia ya mtu uliompita.

Nyumba hiyo ilikuwa na bafu moja, na bafu lilikuwa na desturi yake. Mlangoni zilipangwa kandambili za mpira. Huingii bila kuzivaa, na koki ya maji moto huishiki ila kwa kitambaa kikavu, maana bomba lilikuwa linapiga shoti. Mpangaji mgeni alifundishwa hayo siku ya kwanza, kama anavyoonyeshwa pa kuanika nguo. Mzaha nao haukukosekana: bomba linakusalimia, usipoitikia vizuri linarudia. Watu wazima na akili zao timamu, wanakicheka kitu kinachoweza kuwazika! Bi Pasi naye alicheka, akavaa kandambili, akaoga.

Kicheko kilimwishia Bi Pasi pale binti yake alipoanza kumwachia mjukuu aliyekuwa anajifunza kutembea. Mtoto huyo alipenda maji kuliko usingizi, na kiatu chochote ulichomvika alikivua kabla hujageuka. Asubuhi moja Bi Pasi alimkuta ndani ya mlango wa bafu, peku, mkono umeshanyooshwa kuelekea kwenye bomba. Alimnyakua. Hasira ikampanda.

Alizima swichi kuu ya nyumba, pasi yake ikapoa mezani, akapanda juu ya kigoda bafuni kutazama. Waya wa umeme ulikuwa umelazwa juu ya bomba la maji moto, umefungwa nalo kutoka upande hadi upande. Mtu aliyeshika pasi maisha yake yote haambiwi joto linaifanya nini plastiki. Ganda la waya lilikuwa limelainika na kuachia, na shaba ililala tupu juu ya chuma.

Alipouliza nani aliulaza waya pale, jirani yake mshonaji alimjibu kwamba hilo kila mtu analijua. Mwenye nyumba aliufunga mwenyewe, kwa kuwa hakutaka fundi amtobolee ukuta uliotoka kupakwa rangi. Kila mtu analijua! Ukuta umeonewa huruma, wanaooga chini yake wamepewa kandambili.

Mwenye nyumba aliitwa, akaja na viatu vyake vya ngozi, akajitia hamnazo. Alisema bomba hilo halijaua mtu, wapangaji wa siku hizi wanadeka, na Bi Pasi ana maneno mengi kuliko nguo alizo nazo mezani. Bi Pasi alimwacha amalize. Kisha, wapangaji wote wakitazama, alizizoa kandambili zote akazitia kwenye kapu lake la nguo.

"Sawa, baba," alisema. "Kama halina kitu, vua viatu, ingia ufungue maji."

Mwenye nyumba hakujua kwamba umeme ulikuwa umezimwa. Kwa kiburi chake alivua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akasimama kizingitini akiitazama sakafu iliyolowa. Hapo mguu wake, kwa mazoea tu, ukaanza kupapasa kando ya mlango, pale kandambili zilipokaa siku zote. Aliyeufunga ule waya alikuwa anaijua desturi ya bafu kuliko wote.

Hakuna aliyecheka.

"Unatafuta nini?" Bi Pasi alimwuliza. "Mjukuu wangu hatafuti. Yeye anaingia tu."

Mwenye nyumba aliinama akavaa viatu vyake polepole, hakumwangalia mtu. Swichi kuu haikuguswa, na kapu la kandambili lilibaki chini ya meza ya Bi Pasi. Fundi umeme alifika kabla jua halijazama, na mwenye nyumba ndiye aliyemwonyesha pa kutoboa ukuta.