Bawa la Kushoto

Baba yangu alikuwa fundi wa ndege jeshini kabla ya kurudi Nyanungu kufuga ng'ombe. Ndege aliyoishughulikia muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya mafunzo, yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na namba yake anaitaja mpaka leo bila kusita. Mimi, binti yake wa kwanza, ninafundisha sekondari Mugumu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiitafuta ndege hiyo.

Namba iliyopakwa rangi ubavuni haiaminiki. Makumbusho hupaka upya, na pengine huchagua namba ya ndege nyingine iliyokuwa na sifa. Namba ya kweli iko kwenye vibati vidogo vya kiwandani, vilivyopigiliwa ndani ambako mgeni haruhusiwi kuchungulia. Nilikuwa nimekusanya picha za watalii na kulinganisha viraka vya bati, mpaka nikabaki na ndege moja tu ninayoishuku, katika makumbusho madogo yaliyo mwendo wa siku nzima kwa basi. Nilikuwa nasubiri likizo.

Mdogo wangu anauza nguo Sirari. Krismasi, nilipokuwa namwonyesha Baba picha za ndege ile, yeye alikuwa anamenya ndizi, nikadhani hasikii. Baada ya wiki chache, akiwa safarini kufuata mzigo, alishuka kwenye makumbusho yale, akapiga stori na mtunzaji mpaka akafunguliwa kifuniko cha tumbo la ndege. Akajipenyeza ndani na kitenge chake, akapiga picha kibati.

Hakunitumia mimi. Aliiweka kwenye kundi la familia, akimwandikia Baba: "Tata, ndege yako hii hapa."

Nilikuwa katika ofisi ya walimu. Nilimpigia Baba, simu yake ikawa inatumika, na ikaendelea kutumika mpaka kengele ya kipindi ikalia. Alikuwa anaongea na mdogo wangu. Niliingia darasani, nikawaandikia wanafunzi swali ambalo nilikuwa nimeshawapa jana yake.

Jioni niliikuza picha ile. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imechafuka kwa grisi. Mdogo wangu alisoma nane, kama inavyoishia namba ya Baba. Kadiri nilivyotazama, niliona tatu. Nikafurahi, na furaha yenyewe haikuwa nzuri.

Jumamosi nilikwenda Nyanungu. Mdogo wangu alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kigoda pembeni ya Baba.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Umeona alichofanya mdogo wako?"

"Nimeona. Ila siyo yenyewe. Hiyo siyo nane, ni tatu."

Baba alichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. Uso wake ulilegea, na nikatamani ningekuwa nimebaki Mugumu.

Mdogo wangu hakukasirika. Alinipa simu yake. "Nilipiga nyingi, dada. Hebu angalia na hizi, mimi sizielewi."

Nilizipitia moja moja. Karibu na mwisho kulikuwa na picha ya shina la bawa la kushoto, na ndani yake kibati kingine, kisafi kabisa. Hapo nane ilikuwa nane. Namba yote ilikuwa ile anayoitaja Baba.

"Tata," nikasema, "bodi ni ya ndege nyingine. Bawa la kushoto ni la kwako."

"Basi waliunganisha," Baba akasema. "Tulikuwa tunafanya hivyo. Moja ikiharibika, inaiponya nyingine." Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Ulijuaje kupiga na huko?"

"Sikujua. Nilipiga kila kitu chenye misumari."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi niliyekisoma kibati nilikuwa nimekaa palepale, mkononi nina simu isiyo yangu.

Likizo ilipofika tulikwenda wote watatu. Baba aliizunguka ndege akiwa ameshika bega la mdogo wangu. Alipofika kwenye bawa alivua kofia, akapitisha kiganja kwenye bati taratibu, kama anavyompapasa ndama. Akamwita mdogo wangu asimame naye. Mimi nikapiga picha.

"Nani aliyegundua?" mtunzaji akauliza.

"Huyu," Baba akasema, akimpigapiga mdogo wangu mgongoni.

"Dada ndiye aliyesoma," mdogo wangu akasema, lakini Baba alikuwa ameshageukia magurudumu.

Mtunzaji aliniomba nimwandikie maelezo mapya ya kuweka mbele ya ndege. Nikaketi ofisini kwake, nikaeleza bodi ni ya ndege ipi na bawa ni la ipi, kwa sentensi fupi, nikifuta na kuandika upya. Nilijichelewesha makusudi, nione kama kuna atakayekuja kuniita. Hakuja mtu.

Nilipotoka niliwakuta kwenye kibanda cha chai kando ya geti. Walikuwa wameshaanza kula. Mdogo wangu alikuwa anasimulia jambo, Baba anatikisa kichwa. Mbele ya kiti kilichokuwa wazi kulikuwa na kikombe kilichofunikwa kwa kisosi.

"Kaa unywe," Baba akasema. "Nimekufunikia isipoe."